Kiwanda chetu kilikuwa kinapasha hewa ya Mbeya: tulivyovika mabomba ya stimu, na pampu ilivyotutoa jasho

FundiStimu (mleta mada)

Wakuu, habari za baridi. Walioko Mbeya, Njombe na Makete najua mwezi huu hamna haja ya kuulizwa.

Mimi ni fundi wa boila kwenye kiwanda cha sabuni huku nyanda za juu kusini. Jina la kiwanda mtanisamehe, bado nakula hapo. Juzi kuna mdau aliuliza kwenye uzi mwingine kama kweli kiwanda kinaweza kupunguza hewa ukaa bila kununua mtambo mpya, watu wakamjibu kwa siasa. Nikaona nilete ya kwetu, pamoja na tuliyoboronga.

Ilianza na chai. Julai mwaka jana, saa kumi na moja alfajiri, naingia zamu nakuta walinzi wawili na paka mmoja wamejibanza chini ya bomba la stimu, yaani mvuke, linalotoka boila kwenda jengo la kupikia sabuni. Birika wameliegemeza kwenye valvu, chai ya moto kabisa. Nikacheka, nikaomba kikombe. Nikiwa katikati ya kikombe ndipo ikanigonga: hii chai imepikwa na kuni zetu.

Nikaingia ofisini na kalamu. Bomba ni la inchi 4, stimu ya bari 7, maana yake ndani kuna nyuzi 170 hivi. Bomba tupu la namna hiyo, hewa ikiwa imetulia, linapoteza karibu kilowati 1 kwa kila mita. Kilowati 1 ni pasi ya umeme iliyowashwa. Sisi tulikuwa na mita 60 zilizo uchi. Pasi 60, usiku na mchana, zinanyoosha hewa ya Mbeya. Na hapo upepo sijauweka. Upepo ukivuma mita 5 kwa sekunde, upotevu unakaribia mara mbili, na mnajua Julai ya huku ilivyo.

Siku 300 za kazi, saa 24, ni saa 7,200 kwa mwaka. Zidisha na kilowati 60, unapata uniti 432,000 za joto. Boila yetu ya kuni ufanisi wake naupa asilimia 65, na nimeipendelea, kwa hiyo kuni zinazoingia tanurini lazima zibebe kama uniti 665,000. Kuni zilizokauka kiasi zinatoa karibu gigajuli 13 kwa tani. Jibu lake ni tani 184 za kuni. Kwa gari la tani 10 ni safari 18 za kuni za mlingoti (mkaratusi): zinaingia getini, zinapimwa, zinasainiwa, zinalipwa, halafu zinaishia kumpasha paka.

Nilipompelekea bosi hakuuliza neno lolote la hewa ukaa. Aliuliza safari 18 ni shilingi ngapi.

Nitaendelea, ngoja nikabidhi zamu.

Kamwene_Ifunda

Nimeweka kambi. Shusha mkuu.

MtotoWaKabwe

Uzi bila picha ni ugali mkavu.

FundiStimu

Simu tunaacha getini ndugu yangu, kula hivyo hivyo.

Naendelea. Mtajiuliza kwa nini bomba lilikuwa uchi. Zamani lilivikwa, tena vizuri. Juu ya sufi walifunga bati la alumini linalong'aa, na huku alumini ikining'inia nje ya ukuta haimalizi msimu. Ilibanduliwa kipande kimoja kimoja ikaenda kuwa sufuria. Sufi ikabaki inanyeshewa, ikalowa, ikadondoka, watu wakaizoea hali ile. Mimi mwenyewe nimepita chini ya lile bomba miaka minne bila kuona tatizo, kwa hiyo simcheki mtu.

Safari hii tumetumia sufi ya mawe, wauzaji wanaiita rokiwulu, unene milimita 50. Inakuja imekatwa kama mwanzi uliopasuliwa, unakumbatisha bomba pande mbili. Juu yake bati la kawaida la geji nyembamba, tukalipaka rangi ya kijivu mbaya makusudi, ili asiyekuwa na shughuli nalo asilitamani. Kwa hesabu, mita iliyokuwa inapoteza wati 1,000 sasa inapoteza wati 65 mpaka 80. Ukiweka mkono juu ya bati unasikia uvuguvugu tu.

Kuna vitu viwili ambavyo fundi akivipuuza kazi yote inaharibika. Mshono wa bati uangalie chini, upande, kama kola ya koti la mvua. Wa kwetu wa kwanza waliuweka juu kwa sababu ndiko ni rahisi kugonga ribiti. Mvua moja tu ya Desemba, maji yakaingia, tukafungua mita 12 tena. Sufi iliyolowa haizuii joto, na chini yake chuma kinaliwa na kutu ambayo huioni mpaka siku bomba linatoboka.

Cha pili ni valvu na flanji (maungio ya bomba). Mafundi wengi wanavika bomba likapendeza, valvu wanaiacha uchi kwa sababu inafunguliwa mara kwa mara. Valvu moja ya inchi 4 ikiwa uchi inapoteza kama mita nzima ya bomba tupu, nyingine zaidi. Tunazo 14. Tulinunua kitambaa cha nyuzi za kioo tukampelekea fundi cherehani mmoja wa Mwanjelwa atushonee makoti: sufi ndani, kamba za kufungia nje, kama nepi. Aliniuliza mara tatu kama kweli hii ni nguo ya bomba. Alijikuna siku mbili, na hilo ni kosa letu, hatukumpa glovu wala kumwambia avae mikono mirefu. Makoti ya pili tulimshonesha akiwa amevikwa kama daktari.

MhasibuSongwe

Walinzi je? Umewanyang'anya jiko lao.

FundiStimu

Walileta malalamiko kwa maandishi mkuu. Sitanii. Wamenunuliwa makoti mazito. Paka yeye alishahamia mlango wa majivu kabla hata hatujamaliza.

MzeeWaZamu

Vijana, salaam. Mimi nilistaafu, nilianza kazi za boila miaka ya sabini. Nimefurahi kusoma. Nina neno moja kwa wanaotaka kuiga kesho asubuhi.

Viwanda vingi vya zamani vilivikwa mabomba kwa ujiuji mweupe au wa kijivu, mgumu, ukiuvunja unatoa vumbi kama chokaa. Huo usiukwangue kwa bisibisi ukiwa umefunga leso puani. Unaweza kuwa asbesto. Kwa macho huwezi kuitambua, inapimwa maabara. Vumbi lake linakaa mapafuni na saratani yake hutokea miaka 20, 30, hata 40 baadaye, wakati wewe umeshasahau ulifanya kazi gani. Kipande cha kupima kinaloweshwa kwanza, kinakatwa taratibu, kinafungwa ndani ya mifuko miwili. Kikithibitika, kazi ya kuondoa ni ya wenye mavazi na vifaa. Na kama haijavunjika, mara nyingi afadhali kuifunika juu yake kuliko kuigusa. Mimi nina wenzangu niliokuwa nao kwenye kwangua ile hawapo leo. Sisemi ni hiyo iliyowaua, sikuona vyeti vyao. Nasema tulikuwa tunakula chakula cha mchana tukiwa weupe mpaka kope.

FundiStimu

Shikamoo mzee. Hili nilipaswa kuliweka bandiko la kwanza kabisa. Kwetu sufi ya zamani ilishadondoka yote nje, lakini chumba cha boila kuna kona moja yenye huo ujiuji mgumu, tumeiziba kwa bati na kuandika USIGUSE.

Misindano_Mafinga

Mkuu umeanza na mabomba, mimi ningeanza na kuni. Niko kwenye kiwanda cha chai Mufindi. Kuni mbichi ya mlingoti, iliyokatwa jana, nusu ya uzito wake ni maji. Kilo moja ya hiyo inakupa kama megajuli 8. Ikianikwa ikafika asilimia 20 ya maji, inakupa karibu 15. Yaani unalipia gari, dereva na ushuru wa kubeba maji kutoka msituni kuja kuyachemsha. Na moshi wake mnaujua, ule mweupe mzito wa asubuhi.

Tulijenga banda, paa tu bila kuta, tukapasua magogo mara mbili kabla ya kuyapanga. Gogo zima na gome lake linakaa mwaka halikauki katikati. Mabanzi ya mbao kutoka kwenye mashine za kupasulia huku karibu na shamba la Sao Hill yanakauka haraka zaidi, ila yana udanganyifu, juu makavu, katikati ya mzigo mvua. Mpokeaji wa kuni tulimpa kipimo cha unyevu cha pini mbili. Wiki ya kwanza wauzaji wawili waligombana naye.

FundiStimu

Umenena. Banda na sisi tunajenga, bajeti ya mwaka huu. Ila kuna sababu nimeanza na mabomba: bomba halina muuzaji wa kugombana naye.

Sasa sehemu ya pili, trapu na maji ya stimu.

Kwa wasiojua: stimu ikishatoa joto lake kwenye koili inageuka maji. Trapu ni kitasa kinachoruhusu yale maji yatoke na kuizuia stimu. Ikikwama ikiwa wazi, stimu inapita bure. Trapu yenye tundu la milimita 3, kwa bari 7, inaweza kupitisha kilo 20 mpaka 30 za stimu kwa saa. Tunazo 22. Nilipita nazo kwa bisibisi ndefu: ncha kwenye trapu, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Nzima inabofya, inanyamaza, inabofya. Iliyokufa inafoka bila kupumua. Sita zilikuwa zinafoka. Piga mwenyewe, ni kama kilo 150 za stimu kila saa zinaenda mtaroni.

Na huko mtaroni ndiko kulikokuwa kunaenda maji yote ya stimu. Yote. Nyuzi 85, safi, yameshatibiwa kwa chumvi na pesa, yanamwagwa, halafu boila inalishwa maji ya bomba ambayo huku asubuhi yana nyuzi 15. Kila kilo ya maji ya nyuzi 85 unayoimwaga umetupa kilojuli 290 hivi, na hiyo ni kama asilimia 11 ya joto lote ulilotumia kutengeneza kilo ya stimu. Kanuni ya mafundi inasema kila ukipandisha maji ya kulishia kwa nyuzi 6 unaokoa asilimia 1 ya kuni. Ndiyo maana nawaambia wenzangu wa Dar, ambao maji yao yanaingia na nyuzi 28 bila kufanya lolote, kwamba boila ileile ikiletwa Mbeya inakula asilimia 2 zaidi kabla hujawasha taa.

Nikaandika ripoti kali. Nilitumia maneno kama uzembe. Nashukuru haikutoka kwenye kompyuta.

Kamwene_Ifunda

Kwa nini unashukuru?

MzeeWaZamu

Acha nimjibie, maana najua anakokwenda, sabuni nimezipika. Yale maji yalianza kumwagwa siku koili ilipotoboka. Ndivyo au sivyo?

FundiStimu

Ndivyo mzee, umejuaje?

Nilimwuliza mpishi wa zamani wa sabuni, akanipeleka kwenye pipa namba mbili akanionesha kiraka. Koili inakaa ndani ya sabuni na magadi makali. Ikipata tundu dogo kama la sindano, stimu ikiwa imefunguliwa huoni kitu, kwa sababu presha inasukuma nje. Ukifunga stimu, koili inapoa, ndani kunakuwa na mvuto, sabuni inanyonywa kuingia. Asubuhi unafungua stimu, maji yanarudi boila na sabuni ndani yake. Boila ikatoa povu. Akasema kioo cha kuonesha usawa wa maji kilikuwa kama glasi ya bia, hujui maji yako wapi. Walizima moto mbio. Tangu siku hiyo mkuu wa wakati ule akaamuru kila tone lirudilo limwagwe, na amri ikabaki hata baada ya yeye kuondoka na koili kubadilishwa.

Kwa hiyo nikafuta neno uzembe. Yule mtu alichagua kupoteza kuni badala ya kupoteza watu.

Tulichofanya: kila pipa maji yake yanapita kwanza kwenye kikombe cha kuchukulia sampuli. Kila mwanzo wa zamu mpishi anachota, anadondosha matone mawili ya fenolfthalini. Maji yakibaki meupe, yanarudi. Yakigeuka rangi ya waridi, kuna magadi, anazungusha valvu ya njia tatu yanaenda mtaroni na pipa linafungwa lipimwe presha. Baadaye tukaongeza kipimo cha namna maji yanavyopitisha umeme, chenye kengele, lakini watu wanaiamini ile waridi zaidi. Imeshatushika mara moja, pipa namba nne, mwezi wa pili.

Tunarudisha kama asilimia 70 ya maji. Iliyobaki ni ile stimu inayopulizwa moja kwa moja ndani ya sabuni, hiyo hairudi.

DadaMaabara

Kaka nyongeza ndogo. Fenolfthalini inaanza kugeuka kwenye pH ya 8 na kidogo, kwa hiyo kama boila yenu mnaitibu kwa dawa za amini zinazosafiri na stimu, maji safi nayo yanaweza kuonesha waridi hafifu. Mjue rangi yenu ya kawaida kwanza. Na usidondoshe kwenye maji ya nyuzi 85, ipoze kikombe.

FundiStimu

Asante dada. Amini hatutumii, lakini la kupoza kikombe naliandika ukutani leo.

MwekezajiMtarajiwa

Wakuu mnahangaika na trapu wakati hela iko kwenye biashara ya kaboni. Kiwanda kama hicho kinauza hewa ukaa kwa wazungu, kinatengeneza mabilioni. Hata sabuni mnaweza kuacha.

MhasibuSongwe

Chai hiyo ina majani mengi mkuu.

Twende kwa hesabu. Zile uniti 432,000 za joto la mleta mada, kama zingetoka kwenye boila ya mafuta mazito yenye ufanisi wa asilimia 80, ni gigajuli 1,944 za mafuta. Miongozo ya IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, ya 2006 inayapa mafuta mazito kilo 77.4 za hewa ukaa kwa gigajuli. Unapata tani 150 kwa mwaka. Kanuni za biashara ya kaboni zipo, zilitoka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko pale chuo cha kilimo SUA, Morogoro. Lakini mradi unataka andiko, upimaji, mkaguzi wa nje, usajili. Kwa tani 150 utamaliza kulipa wakaguzi kabla hujauza tani moja. Faida ya kuvika bomba iko kwenye kuni ambazo hukununua, basi.

Na wale wanaotishana na kodi ya kaboni ya mpakani ya Umoja wa Ulaya: hiyo inagusa saruji, chuma, alumini, mbolea, umeme na haidrojeni. Sabuni haimo. Wa saruji ndio wakae macho.

Kamwene_Ifunda

Lakini wao wanachoma kuni, siyo mafuta. Kuni si inasemekana hewa ukaa yake ni sifuri? Mti umenyonya, mti umetoa.

MhasibuSongwe

Hapo ndipo ninapotaka kubishana na watu. Kwenye bomba la moshi kuni haina sifuri yoyote. Miongozo ileile inaipa kilo 112 kwa gigajuli. Gesi asilia ni 56.1, dizeli 74.1, makaa ya mawe ya kawaida 94.6. Kuni inawashinda wote kwa kutoa. Kinachofanyika ni kwamba hewa ukaa ya kuni inaandikwa kwenye safu ya pembeni, kwa sababu mabadiliko ya msitu yanahesabiwa kwenye hesabu za ardhi. Safu ya pembeni si kifutio.

Kama mti umetoka shamba linalopandwa tena, hoja inasimama. Msindano unataka miaka 18 na zaidi kukomaa, mlingoti wa kuni chini ya hapo, lakini unarudi. Kama gogo limetoka kwenye msitu wa asili wa mtu aliyekata usiku, hakuna kinachorudi. Risiti ya kuni inakuambia ni tani ngapi, haikuambii zimetoka wapi.

Misindano_Mafinga

Sisi tunadai kibali cha kusafirishia mazao ya misitu kwa kila gari. Asiye nacho anageuza.

FundiStimu

Na sisi hili ndilo lililotusukuma baadaye. Mnunuzi wetu wa glisirini alileta fomu ya kurasa tisa anataka kujua hewa ukaa ya kila tani. Mkubwa mmoja akaandika sifuri kwa sababu tunachoma kuni, fomu ikarudi na maswali kumi na saba. Ikabidi tuandike mbili: ya kuni pembeni na asili ya kila gari, na ya mafuta mazito tunayochoma wiki za masika gari za kuni zikikwama. Ile ya mafuta ndiyo iliyotuaibisha, na ndiyo iliyoshuka zaidi baada ya kuvika, kwa sababu sasa kuni za akiba zinatufikisha mbali kabla ya kuwasha bana ya mafuta.

MtotoWaKabwe

Huku Rungwe hewa ukaa inatoka yenyewe ardhini, watu wanaivuna wanaitia kwenye mitungi inaenda kwenye soda. Nyie mnahangaika kuizuia. Na maji ya moto ya Songwe yanamwagika bure. Hamieni huko mpikie sabuni.

MzeeWaZamu

Usicheke, mjukuu. Joto la ardhini la Ngozi, Songwe na Kiejo-Mbaka linatafitiwa siku nyingi kwa ajili ya umeme, na mimi nasema siku zote kwamba umeme ni matumizi ya mwisho ya joto hilo. Kukaushia na kuchemshia ndiko rahisi. Lakini kiwanda kifuate joto, joto halisafiri mbali. Mmeona mita 60 tu zinavyokula.

Misindano_Mafinga

Mleta mada ulisema pampu iliwatoa jasho. Hujaileta.

FundiStimu

Naileta, na hii ndiyo hasa nilitaka wa Makambako mpaka Mbeya waisome.

Tulipoanza kurudisha maji, pamoja na mvuke wake uliokuwa unapotelea hewani mtaroni, tanki la kulishia boila likapanda kutoka nyuzi 30 mpaka 90. Tukapongezana. Siku ya tatu pampu ya kulishia ikaanza kulia kama inatafuna kokoto. Geji ya presha inacheza, maji hayaendi, kioo cha boila kinashuka. Tukazima. Tukafungua pampu: impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji, ina vishimo vishimo kama imeliwa na ndui. Fundi wa umeme akasema beringi. Tukabadilisha beringi. Ikalia tena.

Mwongozo wa pampu ulikuwa unaruhusu maji ya nyuzi 90. Ila umeandikwa kwa mtu aliye usawa wa bahari. Sisi tuko mita 1,700 hivi. Huku hewa inasukuma kwa kilopaskali 82 na kitu, pwani ni 101. Maji kwenye chombo cha wazi huku yanachemka kwenye nyuzi 94, siyo 100, ndiyo maana maharage ya Mbeya yanakaa jikoni mpaka mgeni anakata tamaa. Sasa maji ya nyuzi 90 yenyewe yanataka kufumuka kwa nguvu ya kilopaskali 70. Pwani zinabaki 31 za kuyashikilia, ambazo ni sawa na kimo cha maji cha mita 3.3. Huku zinabaki 12, mita 1.3 tu. Pampu yetu inadai mita 3 mdomoni. Tanki lilikuwa limekaa sakafuni, usawa uleule na pampu. Kwa hiyo maji yalikuwa yanachemka ndani ya pampu, mapovu yanapasuka kwenye impela, na ndizo zile kokoto.

Kwa miaka yote ya maji baridi kosa hilo halikuonekana, kwa sababu maji ya nyuzi 30 hayana haraka ya kufumuka. Tulipookoa joto ndipo tukaliamsha.

Kuna waliopendekeza tuyapoze maji kwa kuchanganya ya bomba. Nikasema basi turudi mtaroni tu. Tukainua tanki. Stendi ya chuma, mita 3, bomba la kushukia pana kuliko la zamani, kona chache. Kelele ikaisha siku hiyohiyo.

Kamwene_Ifunda

Umeupiga mwingi mkuu. Nimesoma MUST, somo la pampu nililifaulu, ila la maharage hatukuambiwa.

DadaMaabara

Na moshi? Umepima joto la chimni?

FundiStimu

Nyuzi 260. Najua, ni aibu. Ukishusha nyuzi 20 za moshi unaokoa karibu asilimia 1 ya kuni. Kwanza tunasugua masizi, maana tukishasugua inashuka mpaka 220 halafu inapanda tena ndani ya wiki tatu, kuni mbichi hizo. Ekonomaiza ya kupashia maji kwa moshi tumeomba bei. Kwa wiki za mafuta mazito kuna tahadhari ya salfa: moshi ukipoa sana, chini ya nyuzi 150 hivi, asidi inatonea kwenye chuma. Kwa kuni pekee hilo halitusumbui.

Misindano_Mafinga

Tanki letu nalo liko sakafuni na tunapanga kurudisha maji mwaka huu. Hiyo mita 3 umepima kutoka wapi mpaka wapi?

FundiStimu

Kutoka mhimili wa pampu mpaka usawa wa maji yakiwa yameshuka chini kabisa, pale boya linapofungua. Usipime kutoka paa la tanki. Sisi mara ya kwanza tulipima kutoka paa, ndiyo maana ukija utaona miguu ya stendi ina vipande vya sentimita 70 vilivyounganishwa kwa chini, rangi tofauti. Na umwite mkaguzi wa boila wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, kabla hujageuza mabomba, siyo baada.